Kuhama na Mbwa au Paka Nairobi: Mwongozo Kamili wa Kulipa Uharibifu Unaokuhusu na Kudai Amana Iliyobaki

Mpangaji anayehama kutoka nyumba ya ghorofa jijini Nairobi akiwa na mbwa au paka huingia katika hesabu ya amana akiwa tayari mshukiwa. Mwenye nyumba, wakala wake na msimamizi wa jumba wamemwona mnyama huyo akipita ngazini kwa miaka, na kwa hiyo kila mkwaruzo na kila doa litakaloonekana siku ya kukabidhi funguo litahesabiwa kuwa kazi yake, hata kama ukuta ulikuwa umechakaa kabla mnyama mwenyewe hajazaliwa. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mpangaji huyo, na msimamo wake ni mmoja: lipa kikamilifu kile ambacho mnyama wako ameharibu, kwa thamani iliyokuwa imebaki katika kitu hicho, wala usilipe zaidi. Atakayefika hapo ni yule aliyeweka maandishi, picha na risiti mapema, kwa sababu ubishi wa langoni siku lori limeshapakiwa haujawahi kumrudishia mtu fedha zake.

Kwanza ifahamike sheria imesimama wapi. Sheria ya Kudhibiti Kodi, Sura ya 296, yenye baraza lake la kuamua migogoro, inahusu nyumba za makazi ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, na nyumba nyingi za ghorofa za Nairobi zilikipita kiwango hicho zamani sana. Juu ya kiwango hicho, Kenya haina mfuko wa kuhifadhi amana za wapangaji kama uliopo Uingereza. Fedha zako hukaa katika akaunti ya mwenye nyumba au wakala tangu siku uliyozilipa. Kinachokulinda ni mkataba wako, Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 na kanuni za kawaida za fidia. Kifungu cha 66 cha sheria hiyo kinamtaka mpangaji arudishe nyumba katika hali aliyoipokea, lakini kinamwondolea mzigo wa kutengeneza kilichoharibika kutokana na uchakavu wa kawaida, pamoja na ajali kama moto au mafuriko ambazo hazikutokana na uzembe wake. Karibu ugomvi wote wa amana na wanyama hukaa ndani ya maneno hayo, uchakavu wa kawaida.

Hatua ya kwanza: soma mkataba kabla ya kutoa notisi

Usianze na barua ya notisi. Anza na mkataba, na usome hasa kile kinachosemwa kuhusu wanyama, rangi, amana na ukaguzi. Mikataba mingine hukataza wanyama kabisa. Mingine huwaruhusu kwa idhini ya maandishi. Mingine haisemi neno. Ikiwa ulipewa idhini kwa ujumbe wa simu, utafute ujumbe huo sasa na uuhifadhi mahali pengine mbali na simu yako. Ikiwa ulifuga bila idhini pale ilipohitajika, ulivunja sharti la mkataba, na hilo litakudhoofisha katika mazungumzo. Hata hivyo kuvunja sharti hakuigeuzi amana kuwa faini, kwa kuwa mwenye nyumba bado anatakiwa kuonyesha hasara aliyoipata.

Kipengele cha rangi ndicho kinachosahaulika na ndicho kinachogharimu zaidi. Mikataba mingi ya Nairobi humtaka mpangaji apake nyumba rangi upya anapohama, au akatwe gharama hiyo katika amana, awe na mnyama au asiwe naye. Ikiwa wako una sharti hilo, basi kuta zitapakwa rangi kwa gharama yako hata kama paka wako hakuwahi kuzigusa, na kwa hiyo mwenye nyumba hawezi kukutoza rangi mara moja kwa sharti la mkataba na mara ya pili kwa jina la paka. Anachoweza kuongeza ni kazi ya ziada ambayo mnyama ameisababisha, kwa mfano kujaza fila kwenye mikwaruzo mirefu na kuipiga msasa kabla ya rangi. Nimeona orodha za makato zenye mistari yote miwili, na wapangaji wakizilipa bila kuuliza.

Angalia pia kama ulilipa amana ya ziada kwa ajili ya mnyama, na kama mkataba unasema itarudishwa. Ikiwa inarudishwa, makato ya uharibifu wa mnyama yaanzie hapo kabla ya kugusa amana kuu.

Hatua ya pili: tenganisha uchakavu na uharibifu

Uchakavu wa kawaida ni ule ambao ungetokea hata kama nyumba ingekaliwa na mtu mwangalifu asiye na mnyama yeyote. Rangi iliyofifia kwenye ukuta unaopigwa na jua, vanishi iliyopungua kung'aa pale watu wanapopita kila siku, kitasa kilicholegea, saruji nyeupe kati ya vigae iliyobadilika kuwa kijivu: hayo ni ya mwenye nyumba. Fremu ya mlango iliyotafunwa, wavu wa mbu uliochanwa na kucha, sakafu ya mbao iliyogeuka nyeusi kwa mkojo, na harufu inayobaki baada ya nyumba kusafishwa ni uharibifu, nao ni wako.

Katikati ya pande hizi mbili kuna eneo lenye ubishi. Mikwaruzo myembamba ya kucha za mbwa kwenye sakafu ya mbao ndiyo mfano mgumu kuliko yote. Mwenye nyumba aliyekubali kwa maandishi uishi na mbwa alijua kwamba mbwa ana kucha, na ni hoja ya haki kwamba alama nyepesi zinazoondoka kwa kusugua na kupaka vanishi ni sehemu ya matumizi aliyoyaruhusu. Lakini mifereji inayoshikika kwa ukucha wa kidole mbele ya mlango, pale mbwa alipokuwa akikwangua kila unapotoka kwenda kazini, haiwezi kuitwa matumizi. Kipimo changu ni rahisi: ikiwa fundi anaweza kukiondoa katika matengenezo ambayo nyumba ingehitaji hata hivyo, jadiliana kama uchakavu, ikiwa lazima kitu kibadilishwe au kifanyiwe kazi maalumu, kubali ni chako.

Kumbuka pia paka wa ploti. Majumba mengi yana paka wasio na mwenyewe wanaolala ngazini na kukojoa kwenye mikeka ya milangoni, na harufu ya korido huandikwa kwa jina la mpangaji pekee anayejulikana kuwa na paka. Ulichotia saini ni nyumba yako. Ngazi na paa ni maeneo ya pamoja, na usikubali mstari wowote unaoyahusu bila ushahidi. Kwa upande mwingine, mbwa wa ndugu yako aliyekuja kukaa kwako wiki mbili za likizo ni mzigo wako kama vile angekuwa wa kwako.

Hatua ya tatu: kagua nyumba yako kwa jicho la wakala

Fanya ukaguzi huu mwezi mmoja hivi kabla ya kuhama, wakati bado una nafasi ya kumwita fundi, na uwe na orodha ya hali ya nyumba uliyotia saini ulipoingia. Ikiwa hukuwahi kupewa orodha, tafuta picha zozote za siku zile za mwanzo, hata zile ulizowatumia jamaa kuwaonyesha nyumba mpya, kwa kuwa tarehe iliyo ndani ya faili ya picha ina thamani. Tembea chumba baada ya chumba ukiwa na taa, na upige picha kila doa mara mbili: moja ya karibu na moja ya mbali inayoonyesha liko wapi.

Inama chini, kwa kuwa wanyama huharibu kwa kimo chao. Angalia sehemu za chini za milango na fremu, pembe za kuta ambazo paka hujisugulia au kunoa kucha, mbao za pembeni mwa sakafu, na kabati za jikoni ambazo kwa kawaida hujengwa kwa mbao za unga wa mbao ulioshindiliwa. Mbao hizo zikinyonya mkojo huvimba na hazirudi tena katika umbo lake. Fungua kabati iliyo chini ya sinki. Vuta makochi. Nenda kwenye baraza, ambako mbwa wengi wa ghorofani hujisaidia, na uangalie kama maji machafu yameacha michirizi kwenye ukuta wa jirani wa chini.

Harufu ni jambo la peke yake, kwa sababu pua ya mtu anayeishi ndani ya nyumba imeshaizoea. Mwite mtu asiyefuga mnyama, umfungulie nyumba iliyofungwa madirisha tangu asubuhi, na umwombe aseme ukweli. Kisha usiku, taa zikiwa zimezimwa, pitisha tochi ya mwanga wa urujuanimno (UV) karibu na sakafu. Madoa ya mkojo uliokauka hung'aa kwa rangi ya manjano hafifu. Sabuni na vitu vingine pia hung'aa, kwa hiyo nusa kila doa kabla ya kulihesabu.

Hatua ya nne: tengeneza kile unachoweza, kwa njia isiyoongeza hasara

Mkojo wa paka ndio adui mkuu. Una asidi ya uriki, ambayo ikikauka hufanya chembechembe zisizoyeyuka vizuri katika maji, na hii ndiyo sababu ya sakafu iliyopigwa deki kila siku kunuka tena mvua zinapoanza na hewa inapokuwa na unyevu. Kinachofanya kazi ni kisafishaji chenye vimeng'enya, ambacho hupatikana katika maduka ya vifaa vya wanyama na baadhi ya kliniki za mifugo. Kimwage cha kutosha kifike pale mkojo ulipofika, kiache kwa muda ulioandikwa kwenye chupa, kisha kikauke chenyewe. Kazi hii ni ya polepole, na doa la zamani huhitaji kurudiwa.

Usitumie dawa za kusafishia zenye amonia, kwa kuwa harufu yake hufanana na ya mkojo na humrudisha paka mahali palepale. Usimwage dawa ya klorini juu ya mkojo mwingi, kwa kuwa klorini ikikutana na amonia hutoa gesi inayoumiza mapafu. Siki, ambayo watu wengi huipendekeza kwa kila kitu, isiguse kabisa sakafu ya terazo. Terazo hutengenezwa kwa vipande vya marumaru ndani ya saruji, na asidi ya siki hula vyote viwili na kuacha doa lisilong'aa, ambalo utalilipia ghali kuliko lile la paka.

Kwenye vigae, kigae chenyewe hakinyonyi kitu, na harufu hukaa katika saruji nyeupe ya kati ya vigae. Ikiwa kisafishaji kimeshindwa baada ya kurudia mara kadhaa, fundi wa vigae anaweza kuikwangua saruji hiyo na kujaza mpya katika eneo dogo kwa siku moja, na kazi hiyo ni nafuu sana ikilinganishwa na makato ya kubadilisha sakafu nzima.

Sakafu za vipande vya mbao, zinazopatikana katika majumba mengi ya zamani ya Nairobi, zinahitaji uamuzi wa makini. Mbao ngumu huwa na tanini, kemikali ya asili ya mti, na mkojo ukikutana nayo huifanya iwe nyeusi. Weusi wa juujuu huondoka kwa kupigwa msasa na kupakwa vanishi upya. Weusi uliozama hautoki, na dawa pekee ni kung'oa vipande vilivyoathirika na kuweka vingine vya mbao ileile. Usijaribu kupiga msasa doa moja mwenyewe kwa mashine ya kuazima, kwa kuwa utaacha bonde linaloonekana kutoka mlangoni. Mwite fundi wa sakafu, umwombe makadirio mawili kwa maandishi, moja la chumba kizima na jingine la vipande vilivyoharibika tu, na uyahifadhi yote mawili hata kama hutafanya kazi hiyo. Utayahitaji katika hatua ya sita.

Kwa milango na fremu zilizotafunwa, seremala hujaza fila ya mbao, hupiga msasa na kupaka rangi inayolingana. Ikiwa ubao wa juu wa mlango mwepesi wenye uwazi ndani umetoboka, kujaza hakudumu, na ni afadhali kukubali kubadilisha mlango. Wavu wa mbu ndio kazi rahisi kuliko zote na haifai kuachwa ionekane siku ya ukaguzi. Ukuta ulioingiwa na mkojo hautaponywa na rangi ya maji peke yake, kwa kuwa harufu hupenya. Anza kwa kuupaka prima ya mafuta ya kuziba, kisha rangi.

Viroboto na kupe

Jambo hili ninalipa nafasi yake kwa sababu ndilo linalozua makato baada ya mpangaji kuondoka akidhani mambo yamekwisha. Mayai ya kiroboto huanguka kutoka kwenye manyoya, funza wake huishi katika nyufa za mbao na chini ya mazulia, na hatimaye hujifungia ndani ya kifuko ambacho dawa nyingi za kupuliza hazipenyi. Ndani ya kifuko hicho kiroboto anaweza kungoja kwa wiki nyingi, wakati mwingine miezi, mpaka ahisi mtikisiko na joto la mtu au mnyama. Nyumba iliyokaa tupu inaweza kuonekana safi kabisa, kisha siku mpangaji mpya anapoingiza vyombo viroboto wakatoka kwa pamoja.

Kwa hiyo mtibu mnyama kwanza, kwa ushauri wa daktari wa mifugo, kisha nyonya vumbi sakafuni na kwenye nyufa kwa mashine, na umwite mpuliza dawa mara mbili kwa nafasi ya wiki mbili hivi, ukimwomba atumie dawa iliyo na kizuizi cha ukuaji wa wadudu ili mayai na funza wasikomae. Paka asiwepo wakati wa kupuliza na asirudi mpaka sakafu ikauke; pamethrini, iliyomo katika dawa nyingi za wadudu na za mbwa, ni sumu kali kwa paka. Kupe wa kahawia wa mbwa, ambaye ni wa kawaida Kenya, anaweza kukamilisha maisha yake yote ndani ya nyumba na hupanda ukutani kutaga katika nyufa, kwa hiyo mpulizaji aelekezwe pia juu ya fremu za madirisha na mahali pa mapazia. Chukua risiti yenye tarehe, anwani ya nyumba na jina la dawa.

Hatua ya tano: ukaguzi wa pamoja kabla ya kuhama

Andika kwa wakala au mwenye nyumba, kwa barua pepe au ujumbe unaobaki, ukiomba ukaguzi wa pamoja wiki moja au mbili kabla ya tarehe ya kuhama. Hakuna sheria inayomlazimisha akubali, lakini wengi hukubali, na hata asipojibu, ombi lako lililoandikwa litaonyesha kwamba ulitaka mambo yafanyike kwa uwazi. Siku hiyo usimfiche mnyama na usifukize udi ili kuziba harufu, kwa sababu wakala mzoefu akisikia manukato makali hutafuta kinachofichwa.

Taja mwenyewe uharibifu unaoujua. Mpangaji anayesema, "Fremu ya mlango wa chumba cha kulala ilitafunwa na mbwa wangu, nimeshaitengeneza, na risiti ya seremala ni hii," huaminiwa zaidi anaposema kwamba doa la dari linatokana na bomba la jirani wa juu. Kila jambo mtakaloliona liandikwe katika karatasi moja, na mbele ya kila moja iandikwe kama mnakubaliana au mnatofautiana, kisha nyote mtie saini. Kutia saini kwamba jambo limeonekana si kukubali kulilipia. Ikiwa una shaka, andika maneno hayo juu ya saini yako.

Siku yenyewe ya kuhama, nyumba ikiwa tupu, piga video moja isiyokatwa kutoka mlangoni hadi baraza, ukionyesha sakafu zote. Majumba mengi hayaruhusu lori kutoka bila barua ya ruhusa ya wakala, na baadhi ya mawakala hutumia barua hiyo kumlazimisha mpangaji akubali makato papo hapo. Hapa ni vyema kujua kwamba haki ya kukamata mali ya mpangaji chini ya Sura ya 293, yaani Sheria ya Kukamata Mali kwa Kodi, ni kwa ajili ya malimbikizo ya kodi peke yake, na hutekelezwa kupitia dalali wa mnada mwenye leseni. Haihusu madai ya mlango uliokwaruzwa. Ikiwa hudaiwi kodi, omba barua ya ruhusa siku chache mapema kwa maandishi, ili mazungumzo ya makato yabaki mahali pake.

Wapo wanaoamua kutolipa kodi ya mwezi wa mwisho na kusema amana iifidie. Ninaelewa kinachowasukuma, lakini kwa mtu mwenye mnyama ni hatua mbaya: anakuwa mdaiwa wa kodi, anajifungulia mlango wa kukamatiwa mali, na dai la uharibifu bado linabaki palepale bila amana ya kulifidia.

Hatua ya sita: hesabu ya haki

Fidia humrudisha mwenye nyumba pale alipokuwa; haimpi kitu kipya badala ya cha zamani. Chukua mfano. Tuseme amana ni shilingi 45,000, umekaa miaka minne, na mkataba wako hauna sharti la rangi. Paka amekwaruza kuta za sebule, na fundi anadai shilingi 15,000 kuipaka yote. Ikiwa mnakubali kwamba rangi ya ndani hudumu miaka mitano hivi na ilipakwa ulipoingia, basi ilikuwa imebakiza sehemu moja ya tano ya maisha yake, nawe unadaiwa shilingi 3,000, pamoja na gharama ya kujaza fila ambayo isingehitajika bila paka. Kwa sakafu ya mbao, ambayo hudumu miongo mingi ikitunzwa, uchakavu hupunguza kidogo tu. Hapo kinga yako ni ukubwa wa eneo. Ikiwa vipande vilivyoharibika ni vya pembe moja na vinaweza kubadilishwa, usilipe sakafu ya nyumba nzima kwa sababu tu mwenye nyumba angependa ifanane.

Kwa kila mstari wa makato uliza maswali haya: kitu kilikuwa na umri gani, kinatengenezeka au lazima kibadilishwe, na iko wapi risiti au makadirio ya fundi. Mahakama za Kenya zimeshikilia kwa muda mrefu kwamba hasara ya fedha mahususi lazima itajwe waziwazi na ithibitishwe kikamilifu, na Sheria ya Ushahidi huweka mzigo wa kuthibitisha juu ya anayedai. Mstari unaosema "usafi na harufu ya mbwa, 20,000" bila karatasi yoyote ni maoni tu. Na wewe pia ulipe bila kuvuta miguu pale risiti zilipo na hesabu ni sawa. Kubishia kila shilingi hukupotezea imani pale utakapoihitaji. Malipo yoyote ya ziada yafanywe kwa M-Pesa au benki, si taslimu, na sababu ya malipo iandikwe katika ujumbe.

Hatua ya saba: makato yakizidi

Subiri muda uliotajwa katika mkataba. Ukipita, au orodha ya makato ikikosa msingi, andika barua ya madai yenye kiasi cha amana uliyolipa, makato unayoyakubali na sababu zake, makato unayoyakataa na ushahidi wake, kiasi kinachobaki, na siku 14 za kulipa. Iwe ya ukurasa mmoja na iwe ya adabu, kwa kuwa huenda ikasomwa na mtu wa tatu. Ikiwa wakala ndiye anayejibu, mtumie nakala mwenye nyumba pia, maana mara nyingine mwenye nyumba hajui kinachokatwa kwa jina lake. Mliopanga wawili au watatu, amueni mapema nani anadai na mgawanye vipi, hasa pale mnyama alipokuwa wa mmoja wenu.

Asipolipa, Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2016, husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1. Huhitaji wakili. Sheria inataka kesi isikilizwe mfululizo na iamuliwe ndani ya siku 60 tangu kufunguliwa. Liandike dai lako kama dai la fedha zako zilizopokelewa na kushikiliwa na mwingine, si kama mgogoro wa haki juu ya nyumba, kwa sababu upande wa pili hujaribu wakati mwingine kupinga mamlaka ya mahakama hiyo kwa hoja kwamba jambo ni la upangaji wa ardhi. Tarajia pia kwamba mwenye nyumba ataleta dai la kupinga kuhusu uharibifu wa mnyama katika kesi hiyohiyo, na uwe umejiandaa kwalo kwa orodha ya ukaguzi, makadirio ya fundi wa sakafu na risiti ya mpuliza dawa.

Picha na video za simu ziambatanishwe na cheti cha ushahidi wa kielektroniki kinachotajwa katika kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi. Ni karatasi fupi uliyoitia saini inayoeleza ulipiga picha kwa kifaa gani, lini, na zilichapishwaje. Mahakama hii si kali sana katika kanuni za ushahidi, lakini cheti hicho hukuondolea pingamizi moja. Rufaa huenda Mahakama Kuu kwa hoja za sheria peke yake, kwa hiyo mambo ya ukweli, kama vile doa lilikuwepo au halikuwepo, huishia hapohapo ulipoyathibitisha.

Kisheria dai la mkataba linaweza kufunguliwa hadi miaka sita tangu haki hiyo ilipovunjwa. Usiutumie muda huo. Mpangaji mpya akishaingia na watoto wake, vyombo vyake na pengine mbwa wake mwenyewe, hakuna tena atakayeweza kuonyesha hali ya sakafu uliyoiacha, na mafundi waliokuandikia makadirio watakuwa wamehamia kazi nyingine.